Kizimba cha Mlangoni na Kalenda ya Zege

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, mashine zilipoanza kusema na watu wakakosa la kujibu, palikuwa na mji chini ya milima ya Upare. Jina la mji nalificha, maana nina wakwe kule. Na asinibishie mtu. Sakafu nitakayoitaja nimeikanyaga kwa miguu hii miwili kabla haijakauka, na alama ipo.

Bi Namsifu, mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa akijenga soko la ghorofa. Ikabaki kumwaga zege la sakafu ya juu. Pampu ya zege ilikodiwa kutoka mbali, ije siku moja tu, kisha ivuke milima kwenda kwenye kazi nyingine, isirudi mpaka masika yaishe. Ije siku gani? Aliyejua ni mhandisi peke yake, Bi Kokushubira, naye hakuandika popote. "Karatasi huliwa na mchwa," alikuwa akisema. "Kila siku ya kazi nimeiweka kwenye mfumo." Mfumo huo ulikuwa ndani ya kompyuta ya stoo. Basi Jumatatu asubuhi mhandisi akashikwa na kidole tumbo, akakimbizwa hospitali kupasuliwa, na simu ikazimwa.

Bi Namsifu akapanda juu ya lundo la kokoto, akatangaza: "Atakayenitolea siku ya zege kwenye huo mfumo, kizimba cha kuuzia cha mlangoni ni chake, bure, maisha yake yote!"

Kizimba cha mlangoni, jamani! Anayeingia atakupita, anayetoka atakupita. Hata ukiuza mawe yatanunuliwa.

Wakaanzia kwa mzee Mzava, mtunza stoo. Huyu aliamriwa na mhandisi aizime kompyuta kila jioni. Hakuizima hata mara moja, miezi minne. Aliogopa ikizimwa haitaamka, na atakayeulizwa ni yeye. Watu walimcheka: "Mzee, unauguza mgonjwa?" Kumbe mlango ambao mhandisi aliufungua kwa neno lake la siri ulikuwa bado wazi. Wakaingia.

Mfumo ukauliza: namba ya mradi? Mzava akaandika SOKO. Hakuna. Akaandika SOKO LA BI NAMSIFU. Hakuna. Akaandika moja. Loo, kalenda ikaja! Wakashangilia. Kalenda ikasema kesho wazamishe nguzo mtoni. Mtoni? Mafundi wawili wakabeba sururu, wakaanza kuulizana mto uko wapi. Kumbe ile ni kazi ya daraja la watu wengine, mkoa mwingine.

Hapo ndipo Nakiete, mama lishe wa saiti, akachungulia mlangoni na mwiko mkononi. "Namba ya mradi si ile iliyokuwa kwenye bango la ujenzi?"

"Bango lilipotea tangu mwezi wa pili," akasema Mzava.

Nakiete akatazama chini. "Halijapotea, mzee wangu. Liko juu ya jiko langu. Mvua ilikuwa inaingia kwenye maharage."

Wakalishusha. Jeusi kama sufuria. Nakiete akalisugua kwa majivu na maji, namba ikatokea. Mzava akaiandika, akaweka kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na miraba ikajipanga. Jumatano: pampu ya zege, jina la dereva Abdurahimu, na namba yake ya simu. Alhamisi: mraba mwekundu, sikukuu ya Idd. Vigelegele!

Sasa Shekiondo, fundi nondo, amefunga, midomo imemkauka, akauliza kwa upole, "Nani kauona mwezi?"

"Mwezi gani?"

"Wa Idd. Mnasema Alhamisi. Nani kauona?"

"Kalenda," akajibu Mzava.

"Kalenda ina macho? Mwezi ukiandama kesho Jumanne, Idd ni Jumatano. Huyo Abdurahimu atakuwa msikitini, nyie mko juu ya mbao mnamngoja."

"Shekiondo, usinichanganye!" akafoka Bi Namsifu. "Kompyuta imesema Jumatano!"

"Mama, kompyuta haijafunga hata siku moja."

Akachukua simu, akapiga ile namba. Dereva akasema kesho ana nafasi, ila Jumatano mwezi ukionekana wasimtafute, na Alhamisi anavuka milima. Shekiondo akamwambia, "Njoo kesho."

Pampu ikaja Jumanne. Wakamwaga zege tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Dereva bado ana tende mdomoni, watu wakapaza sauti: mwezi ule! Jumatano ikawa Idd. Alhamisi pampu ikavuka milima. Ijumaa masika yakaanguka kama yamesukumwa, na sakafu ikayanywa ikanyamaza.

Bi Namsifu akatoa ufunguo wa kizimba. Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Ni wangu," akasema Mzava. "Bila mimi mngeingilia wapi? Mngepiga hodi mpaka leo."

"Uliacha mlango wazi kwa uoga, mzee," akasema Nakiete, "tena ukatupeleka mtoni. Namba nimeitoa mimi."

"Umeitoa ulikoificha, dada," akasema Shekiondo. "Na siku mliyoileta ingetuumbua. Sakafu nimeiokoa mimi."

"Ungempigiaje?" wakamrukia wote wawili. "Namba ya dereva uliiota?"

Bi Namsifu akashika kichwa. "Ngojeni. Mimi nilisema siku ya zege itoke kwenye mfumo. Mfumo umetoa Jumatano. Tumemwaga Jumanne. Sasa siku nimetolewa au sijatolewa?"

Wote wakanigeukia mimi, maana sifa zangu za kuamua mashauri zimefika mbali. Nikasema hukumu haitolewi na mikono michafu, ngoja nikanawe. Nikapita nyuma ya stoo, na mpaka leo sijanawa.

Nyie mnaonisikiliza mna mikono safi. Ufunguo ni mmoja na kizimba ni kimoja. Mzava aliuacha mlango wazi kwa kukaidi amri. Nakiete aliitoa namba iliyokosekana kwa sababu yake. Shekiondo aliikataa kalenda aliyoletewa na wenzake. Je, nani kati yao alistahili kukaa pale mlangoni?