Jiwe Lisilopakwa Chokaa

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutunza kitu ambacho hakuna aliyekiona. Jina lake Erasto Ngailo, na alichokitunza ni tangi la dizeli lililozikwa chini ya ardhi ya shule ya bweni, kule nyanda za juu ambako ukungu huchelewa kuondoka na watoto huenda darasani wamejikunyata ndani ya masweta. Tangi lile lililisha jenereta, na jenereta likawapa wanafunzi mwanga wa kusomea. Kila Jumatatu Ngailo alifungua mfuniko wa chuma, akatumbukiza ufito wenye alama, akautoa, akasoma, akaufuta kwa kitambaa safi. Alikuwa mtu wa vipimo. Mlango alioutundika yeye haukulalama. Bomba aliloliunga yeye halikudondosha tone. Walimu walimsifu kwa hilo, naye alizipenda sifa zile kuliko alivyopenda chakula.

Lakini chini ya tangi palikuwa na jiwe.

Alilijua, kwa kuwa alilitia mwenyewe. Siku ya kulishusha tangi shimoni, fundi mkuu aliagiza lilazwe juu ya mchanga mtupu, uliochekechwa, ili chuma kisiguswe na kitu kigumu. Mchanga haukutosha. Lori la pili lilikwama topeni, na kesho yake wageni walikuwa wanakuja kwenye uzinduzi. Ngailo aliliona tangi limeinama upande mmoja, na macho yake hayakuweza kuvumilia kitu kilichoinama. Akachukua jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, akalisukumiza chini ya ubavu wa tangi, tangi likakaa sawasawa. Wakafukia. Wageni wakaja, ngoma zikapigwa, naye akashikwa mkono mbele ya watu kwa kazi iliyonyooka.

Mwaka wa tisa tangu tangi lizikwe, ufito ulianza kusema jambo jingine. Jenereta lilikuwa limezimwa likizo nzima, ila mafuta yalikuwa yamepungua upana wa vidole vitatu. Ngailo aliufuta ufito, akautumbukiza tena, ukasema yaleyale. Akajiambia kwamba ni joto limeyapandisha hewani, ingawa mahali pale joto lilikuwa mgeni. Muda si mrefu nguzo za umeme zikafika shuleni, jenereta likanyamaza, na tangi likaachwa ardhini pamoja na mafuta yaliyobaki ndani yake. Mfuniko ukafunikwa kwa udongo. Shule ikasahau. Ngailo hakusahau.

Juu ya mahali pale shule ilitengeneza bustani za maua. Ilikuwa desturi yao: kila darasa na kipande chake, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na siku ya mahafali wazazi hupita wakitazama darasa lipi lina mikono ya kazi. Kipande kilichoangukia juu ya tangi kilikuwa cha Kidato cha Pili. Ngailo ndiye aliyevuta kamba ya kupima mipaka. Angeweza kusema siku ile, hapa pasilimwe. Alivuta kamba ikanyooka, akapigilia vigingi, akaenda zake.

Maua ya Kidato cha Pili hayakushika. Miche ilisimama wiki moja, ya pili ikawa njano, ya tatu ikalala. Na kwa kuwa kila mwaka Kidato cha Pili huwa na watoto wapya, kila mwaka watoto wapya waliitwa wavivu. Waliokuwa wakali zaidi wa kuwazomea ni wale wa Kidato cha Tatu, yaani walewale waliozomewa mwaka uliotangulia. "Wauaji wa maua hao!" walipiga kelele. "Mkipewa nyasi mtaziua!" Kisha ilikuwapo adhabu: darasa ambalo bustani yake imekauka lilimwagilie, kila mtoto ndoo mbili kila alasiri, maji yakichotwa kwenye kisima cha shule, kule mteremkoni. Watoto wakachota, wakapanda, wakamwaga, wakashuka tena. Hawakujua kwamba kila ndoo ilikuwa ikiyasukuma mafuta hatua moja zaidi kuelekea kisima kilekile. Aliyejua alikuwa mmoja tu, naye wiki moja kabla ya mahafali alisomba udongo mwekundu kwa toroli, akautandaza juu ya udongo ulioingia weusi, akausawazisha kwa reki hadi ukawa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Wageni walisimama kuustaajabia. Baada ya mvua mbili weusi ulirudi.

Hivyo ikapita miaka kumi.

Mwaka wa kumi na moja wa bustani zile, maji ya kisima yalibadilika. Kwanza yalikuwa na utando wa rangi, mwembamba kama bawa la nzi. Kisha yakanuka. Asubuhi moja mpishi, Mama Luhanga, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimwita Ngailo kutoka mlango wa jikoni.

"Mzee Ngailo! Chai ya leo niichemshe au niiwashe kiberiti?"

Wapagazi wa kuni wakacheka. Ngailo naye alicheka, akaenda zake haraka.

Jumatatu iliyofuata Mkuu wa Shule, Mwalimu Atuganile, ambaye muhula ule ndio ulikuwa wa kwanza kwake pale, aliwapanga wanafunzi wote mbele ya bustani zao. Alitembea taratibu. Alipofika Kidato cha Pili alisimama. Akauliza ni nani kiranja wa bustani ile. Akatoka msichana mwembamba, Tulizo Mhema, viganja vyake vimechubuliwa na mpini wa ndoo. Huku nyuma Kidato cha Tatu wakaanza kuguna.

"Kosa ni langu, Mwalimu," alisema Tulizo. "Wenzangu wamemwagilia. Mimi ndiye niliyeshindwa kuwasimamia."

"Basi mtaongeza," alisema Mkuu. "Ndoo tatu."

Ngailo alikuwa kando, ameshika reki. Alimwona mtoto amelipokea kosa lisilo lake, amelibeba mbele ya watu mia nne bila kutetemeka. Na yeye mwenye kosa ameshika reki. Aliiwaza nyumba ya shule aliyokuwa akiishi na mkewe. Aliwaza kwamba imebaki miaka miwili astaafu. Lakini kilichomchoma kuliko vyote ni jina lake, lile jina la mtu ambaye kazi yake haivuji. Alijua akifungua kinywa halitakuwapo tena. Aliutazama ule mkono uliochubuka. Akailaza reki chini.

"Mkuu, ndoo zisiongezwe. Chini ya maua haya kuna tangi linalovuja, na jiwe lililolitoboa nililiweka mimi."

Mkuu aliwarudisha wanafunzi madarasani, akamwambia Ngailo amwonyeshe mfuniko.

Siku ileile kisima kilifungwa kwa kufuli, na maji yakaletwa kwa lori. Bodi ya shule ikakaa. Mjumbe mmoja alitaka Ngailo aondoke kabla ya Ijumaa, ili watu waone kwamba shule ina msimamo. Mwingine alisema kelele hizi za nini. Maua yahamishwe, udongo mwekundu umwagwe lori zima, mambo yaishe. Ngailo alisimama mbele yao, kofia mkononi, akingoja kuambiwa afunge virago.

"Udongo mwekundu tumemwaga miaka kumi," alisema Mwalimu Atuganile. "Na huyu ndiye pekee anayejua jiwe liko wapi. Mpeni sururu."

Basi wakampa. Wakaja wataalamu wa mazingira wakiwa na glovu na mabuti, wakayanyonya mafuta yaliyobaki tangini, wakaliacha tangi siku mbili lipumue, na wakakataza mtu yeyote asisogee na moto. Ngailo aliwaonyesha kila kona ya shimo kwa hatua, bila kukosea hata moja. Tangi lilipoinuliwa kwa minyororo, watu waliona. Jiwe lilikuwa palepale, limeingia katika ubavu wa chuma kama kidole katika ugali. Hakuna aliyemtazama Ngailo. Alilitoa kwa mikono yake.

Kisha wakauchimba ule udongo, mweusi, mzito, wenye harufu ya kuumiza kichwa. Wazazi walikuja kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kijiji baada ya kijiji, na walipofika mita mbili kwenda chini wakasema imetosha. Ngailo alichukua bonge, akalivunja, akalinusa, akasema bado. Walipofika mita tatu wakasema sasa imetosha. Akanusa, akasema bado. Kwenye mita ya nne udongo ulitoka mwekundu, unanuka udongo tu. Na walipopeleka vipimo, mashine ya wataalamu ilisema alilosema yeye. Lile jicho na ile pua ya kudai ukamilifu, vilivyomfanya afiche, sasa vilikuwa vikifukua.

Udongo mbaya hawakuutupa mtoni, maana mtoni kuna watu. Waliutandaza juu ya maturubai mazito nyuma ya kiwanja, wakauwekea kingo na paa, wakauchanganya na samadi ya ng'ombe na maranda kutoka viwanda vya mbao. Mtaalamu aliwaambia kwamba humo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula mafuta kama ng'ombe anavyokula majani. Wapeni hewa, wapeni unyevu, mngoje. Wanafunzi walibeba samadi na maranda. Kuugeuza ule udongo ilikuwa kazi ya Ngailo, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, mwaka mzima na zaidi. Mara ya kwanza sampuli zilipokwenda maabara, jibu lilirudi bado. Mara ya pili, bado. Wapo walioguna na kusema mzee anageuza matope ya bure. Yeye aliinua koleo.

Mara ya tatu jibu lilisomwa mstarini, na Mwalimu Atuganile hakuweza kulimaliza kwa vigelegele.

Udongo ukarudishwa shimoni, mlaini, mweusi sasa kwa samadi na si kwa kitu kingine. Kidato cha Pili wapya wakaja na miche. Nyuma yao, bila kuitwa, wakaja Kidato cha Tatu na Tulizo mbele yao. Hawakuzomea. Walipiga magoti, wakawaonyesha wadogo zao namna ya kukandamiza udongo shinani bila kuuvunja mzizi. Miche ilisimama wiki ya kwanza. Ya pili ikatoa jani jipya. Ya tatu watoto walikuwa wakitoka mbio kila asubuhi kabla ya kengele kwenda kuhesabu vichipukizi, na mahafali yalipofika, bustani ya Kidato cha Pili iliwaka nyekundu na njano toka pembe hadi pembe, hata wazazi wakasahau kuzitazama nyingine.

Kisima kilichelewa kuliko udongo. Kilikaushwa na kupimwa, kikakaushwa tena, na kilifunguliwa asubuhi hiyohiyo ya mahafali. Mama Luhanga alichota ndoo ya kwanza, akapika chai, akavuka uwanja na kikombe mkononi mbele ya wageni wote, hadi aliposimama Ngailo.

"Kunywa, Mzee. Hii tumeichemsha tu."

Akanywa. Watu wakapiga makofi, na safari hii hakuwa na kitu chini yake cha kuficha.

Mawe ya bustani yalikuwa yamepakwa chokaa upya kwa ajili ya siku ile, yote yanang'aa, isipokuwa moja lililokaa pembeni, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lenye alama ya kutu upande mmoja. Mwanafunzi alilijia na brashi. Ngailo akamshika mkono kwa upole.

"Hilo liache lilivyo."

Nawe unayesikia: ni mtoto wa nani anayechota maji leo, kumwagilia juu ya jiwe ulilolifukia wewe?