Nyuki Wasiouma wa Fisi

Mvua za vuli hazikuja, na za masika nazo hazikuja. Katika nchi yote ya wanyama kilibaki chakula kimoja cha kutegemewa, asali ya msitu wa akina Nyegere. Fisi alikwisha kwenda kuidokoa mara tatu, na mara tatu alirudi na pua iliyovimba kwa kuumwa na nyuki.

Basi akaenda kwa Nyani, fundi wa kubadili mbegu za viumbe, akatengenezewa nyuki wasio na miiba. "Nikiwaachia msituni watazaana na wale wakali," Fisi akasema. "Baada ya muda hakuna nyuki atakayeuma."

Kwa sheria ya Simba, kiumbe kipya hakiachiwi mahali mpaka wenyeji wakubali, na unyayo kwenye tope ndio sahihi yao. Fisi akawaalika akina Nyegere kwenye karamu ya viazi vikuu. Mlangoni alitandaza tope laini.

"Kanyageni hapa, ndugu zangu. Ni mahudhurio tu."

Wakakanyaga, wakala, wakaenda zao. Kesho yake Fisi akalibeba lile tope, sasa limekauka, mpaka kwa Simba. "Mfalme, wamekubali. Nyayo arobaini, hesabu mwenyewe."

Simba hakuhesabu. Aliona hesabu ni kazi ya wadogo.

Mama Nyegere alipopata habari alimkimbilia Sungura. "Watoto wangu wanaishi kwa asali ile. Nyuki wakikosa miiba, Fisi ataimaliza kwa wiki moja."

"Usilie, shemeji," Sungura akasema. "Nisaidie kubeba tope."

Siku ya tatu Sungura aliwaalika wanyama kula mifupa nyumbani kwa Simba. Fisi alifika wa kwanza, akakanyaga tope mlangoni bila kutazama chini. Alipokuwa kwenye mfupa wa pili, Sungura akasimama.

"Mfalme, Fisi amekubali Nyani ambadilishe. Watoto wake wote watazaliwa bila meno. Unyayo wake huu hapa."

Fisi akapaliwa. "Nani amekubali? Mimi nimekuja kula mifupa! Hakuna aliyeniuliza!"

"Na akina Nyegere walikuja kwako kufanya nini?" Simba akauliza.

"Kula viazi," Fisi akajibu.

Nyuki wakarudishwa kwa Nyani. Simba, ambaye hakupenda ijulikane kwamba alidanganywa na tope, akaenda msituni mwenyewe kuwauliza akina Nyegere kama wanawakubali nyuki wale.

"Jibu letu ni hapana," Mama Nyegere akasema. "Ila Nyani akitengeneza nyuki wanaostahimili ukame, mje mtuulize tena."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.