Fisi na Wali wa Kwenye Picha

Paukwa! Mbona kimya, mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chungu, na mfuniko, na mdomo wa Fisi.

Wanyama walikuwa na mchezo wao wa jukwaani, wa kuchekesha, wa tangu mababu: Harusi ya Mlafi. Kila mavuno wanaucheza. Bwana harusi anajifanya anamaliza wali, biharusi anakimbia, watu wanacheka, kisha chungu kinagawanywa kwa wote. Lakini bwana harusi ni Fisi, na Fisi hajui kujifanya. Anakula kweli! Kwa meno yale, nani amzuie? Watoto wa Kalunguyeye wanalala njaa.

Mwaka mmoja ikaja kamera. Wakasema, mchezo wetu tuutie kwenye sinema. Kalunguyeye, kadogo, miiba tupu, akaishika yeye.

"Mjomba Fisi, jukwaani wa nyuma hawakuoni. Kwenye sinema wataona hata sharubu zako."

"Hata sharubu!"

"Ila mvuke wa wali unaziba jicho la kamera. Wewe tafuna chungu kitupu, wali ukae huku nyuma yangu. Tukimaliza una njaa, wote wako."

"Nitakuwa nayo tu!"

Fisi akakaa mbele. Nyam, nyam, nyam! Anatafuna hewa.

"Kata! Sharubu hazijatokea. Turudie!"

Nyam, nyam, nyam! Na nyuma ya kamera watoto wa Kalunguyeye nao: mfyo, mfyo, mfyo!

"Sauti gani hiyo?"

"Kamera inameza sura yako, Mjomba."

"Imeze tu!"

"Kata! Turudie!"

Nyam, nyam, nyam! Mpaka biharusi Kanga akachoka kukimbia, akaenda nyuma na shela lake, naye akala.

Jua lilipozama wakatundika shuka jeupe. Fisi akajiona mkubwa kama nyumba, anakomba chungu, analamba vidole. Akashangilia kuliko wote. "Ndiye mimi! Tazameni ninavyokula!"

Tumbo likalia: nguuu!

"Haya, Kalunguyeye. Nina njaa. Wali wangu."

"Jamani, Mjomba ana njaa?"

"Aka! Tumemwona anakula kwa macho yetu!"

Fisi akafungua mdomo akane. Akatazama shuka: yumo, sharubu zinang'aa. Aikane sura nzuri vile? Akafumba mdomo.

"Nimeshiba," akasema. "Hebu turudie pale pa sharubu."

Funzo, wajukuu zangu: tumbo ni mwongo, msilisikilize. Aminini sinema. Ngano yangu imekwisha. Ikiwanogea gawaneni, isiponoga mpelekeeni Fisi, huyo hula hata visivyokuwepo.