Bibi Aliyevaa Gauni la Shambani

Wapendwa, kabla hatujasimama kuimba, nivumilieni kidogo niwaeleze habari ya bibi mmoja.

Bibi huyu alikuwa mjane, na nyumbani kwake chakula hakikukosekana. Binti yake alifanya kazi nchi ya mbali, na kila mwezi unga, mchele na mafuta vililetwa mpaka mlangoni. Aliyekosekana ni mtu. Bibi akisonga ugali, anasonga wa kiganja kimoja. Akila, anasikia meno yake mwenyewe. Alikuwa akifungulia redio wakati wa kula, apate tu sauti ya kusindikiza tonge.

Basi kanisa la jirani likaanzisha jambo jema. Kila Jumamosi walizunguka sokoni wakikusanya nyanya zilizoanza kulegea na ndizi zilizoiva mno, mikate ya jana kwa waoka mikate, na vyakula vilivyobaki hotelini bila kuguswa. Kina mama wakapika, ukumbi ukafunguliwa, mwenye njaa akala. Bibi, akiwa barazani kwake, akavisikia vicheko vyao. Akajitanda khanga, akaenda.

Siku ile aliketi kati ya fundi viatu na binti mwenye mtoto mchanga. Fundi akamtania kwamba anadonoa chakula kama bibi harusi. Yule binti akampa mtoto amshikie. Mnajua bibi yule alikuwa hajapakata mtoto tangu lini? Jumamosi ikawa siku yake. Tangu Alhamisi alikuwa ameshapiga gauni pasi.

Lakini penye cha bure maneno hayakosi. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye bidii na mcha Mungu kwelikweli, akaambiwa kwamba yule bibi ana nyumba ya vigae. Akamfuata mezani, akainama, akasema kwa upole, "Bibi, tunakuheshimu sana. Ila chakula hiki ni cha wenye shida."

"Sawa, mwanangu," bibi akaitika, akainuka. Hakujieleza. Wewe ungejieleza vipi? Ungesimama mbele ya watu wenye njaa useme, mchele ninao ndani, ila nimechoka kula peke yangu?

Akakaa nyumbani majuma kadhaa. Kisha akafanya jambo ambalo hata kulisimulia naona haya. Alitafuta gauni lake la zamani la shambani, lililochanika kwapani, akavua viatu, akajipaka majivu miguuni, akaenda kupanga foleni kichwa ameinamisha. Mtu mzima, aliyeozesha na kuzika, amejigeuza ombaomba ili apate kiti.

Mwenyekiti akamtambua mara moja. Safari hii hakuinama. Alimuuliza mbele ya foleni nzima kama haoni aibu kuwanyang'anya maskini tonge lao.

"Mwanangu," bibi akasema, "hicho chakula mpe mwingine. Mimi niache nikae tu hapa mezani."

Mwenyekiti naye ana moyo, akaingiwa na huruma. Akachukua kontena la kubebea chakula, akalijaza wali mpaka kifuniko kikagoma, akamtia mkononi.

"Basi chukua, bibi, ukale nyumbani."

Mmesikia? Alichokuwa nacho akaongezewa; alichoomba akanyimwa. Foleni ilipokwisha, kilichobaki kwenye sufuria wakampelekea mfuga nguruwe, kisha wakafunga kwa sala ya shukrani kwamba hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Bibi hakurudi tena. Masika aliugua, akafa ndani peke yake, na aliyekuja kugundua ni msoma mita za maji, aliyebisha hodi asiitikiwe.

Sasa njooni muuone msiba. Turubai likafungwa uani, kanisa zima likahamia pale. Watu wakajaa mikekani mpaka barazani, wakala, wakakumbushana ya zamani, wakacheka vile watu wanavyocheka msibani. Yule mwenyekiti ndiye aliyepakua pilau, iliyopikwa kwa mchele wa marehemu mwenyewe uliokutwa stoo, na hakumuuliza mtu hata mmoja kama kwao kuna chakula.

Naona mnageuka geuka kumtafuta huyo mwenyekiti. Acheni. Sisi sote tunaupenda upawa, maana aliyeshika upawa hukaa upande wake wa meza na kujiona mwema. Kuketi upande ule mwingine, kuuliza mtu jina lake, kumsikiliza habari za magoti yake yanayouma, hapo tunakumbuka kwamba tuna haraka.

Wengi wetu humu tuna jirani ambaye siku yetu ya kwanza kuingia nyumbani kwake itakuwa siku ya kumzika. Tutakaribishwa mkekani, tutawekewa sahani, na tutakula. Ndugu zangu, hilo tonge tutalimezaje?