Mshenga wa Vanila

Zama hizo maua yalikuwa yakisema, na watu walikuwa na adabu ya kuyasikiliza. Kila ukoo wa mimea ulikuwa na mshenga wake wa kuupelekea posa. Migomba ilimtuma popo, mibuni ilimtuma nyuki, na okidi wa kwetu, wale wanaoishi kwenye panda za miti na kuidharau ardhi, walimtuma nondo. Msiniulize nani aliwapangia. Mimi nilikuta imeshapangwa.

Katika kibanja kimoja cha Kanyigo, shamba la migomba iliyochanganyika na mibuni, aliishi mwanamke aitwaye Kokushubila. Huyo alikuwa mdadisi kupita kiasi. Akipika, atafunua chungu mara kumi. Akipita penye kichuguu, lazima ainame achungulie. Majirani walimcheka, naye hakuwajali.

Siku moja alikuta mmea mgeni umeukumbatia mbuni wake. Wasafiri walikuwa wameutoa ng'ambo ya bahari, wakauacha hapo na kuendelea na safari zao. Ulijitambulisha kwa jina la Vanila.

Sheria ya kibanja ilikuwa moja: mgeni hupewa misimu mitatu. Asipozaa, anang'olewa, nafasi apewe mwingine. Msimu wa kwanza Vanila alitoa maua mengi ya kijani kilichopauka. Yalifunguka alfajiri, yakanyauka adhuhuri, yakaanguka. Msimu wa pili yakawa hivyo hivyo. Msimu wa tatu yalipukutika yote, likabaki tumba moja, na migomba ikaanza kumtazama Kokushubila ikingoja ashike jembe.

"Mshenga wako yuko wapi, mwanangu?" aliuliza.

"Nilimwacha kwetu, mama," Vanila akajibu. "Ni nyuki mdogo. Nilichukuliwa ghafla, hata kumuaga sikuwahi."

Kokushubila aliingiwa na huruma. Akawaendea nyuki wa mibuni, lakini wao walikwisha kujaribu maua yaliyotangulia. "Ndani kuna pazia," walisema. "Kwenye pazia la watu hatuingii bila kualikwa." Okidi nao walikiri kwamba huyo ni damu yao, sura haikatai, ila nondo wao hutembea usiku na Vanila hufunga mlango mchana.

Mwingine angechukua jembe. Kokushubila alikuwa amesikia habari ya pazia, na usingizi ukampaa. Pazia la kuficha nini?

Kulipopambazuka, tumba lile la mwisho likafunguka. Alivunja mwiba wa mlimau, akalipanua ua taratibu, akachungulia. Upande huu alikaa bwana harusi na chavua yake, upande ule bibi harusi, na katikati yao kitambaa chembamba. Walikuwa chumba kimoja na hawajawahi kuonana. Akakiinua kitambaa kwa mwiba, akawasogeza kwa kidole gumba.

"Mtanisamehe," alisema, maana hakujua mshenga huongea nini mahali kama hapo.

Jioni ua halikuanguka. Kesho yake halikuanguka. Siku zilizofuata tunda likaanza kurefuka, kijani na jembamba, na migomba ikatazama kwingine. Kokushubila alilia kwa furaha, akarudi kwenye vyungu vyake akidhani kazi imekwisha.

"Mama," Vanila akamwita, "na maua ya msimu ujao?"

Hapo ndipo alipoelewa amejitwika nini. "Nitakuja," alisema. "Lakini mimi si nyuki, mwanangu. Nitazeeka."

"Basi wafundishe wengine."

Akawafundisha majirani, wale wale waliokuwa wakimcheka.

Na tangu siku hiyo, vanila ya huku kwetu haizai bila mkono wa mtu. Ua lake hufunguka alfajiri moja tu, likangoja. Mwenye shamba akichelewa kitandani, adhuhuri hujifumba, na kesho yake ukipita utaliokota chini.