Mtungi Uliocheza Bao

Hapo zamani za kale, wanangu, bao lilipokuwa mchezo wa wenye pembe tu, Mzee Nyati alikikalia kisima peke yake. Hakuna aliyeteka maji bila kumfunga bao kwanza. Na nani angemfunga bingwa yule?

Bi Kindi alikuwa na watoto watatu, midomo yao imekauka. Akaja na mtungi wake, kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umefuata maji?"

"Watoto wana kiu, Mzee."

Nyati akacheka, kwa! kwa! kwa! "Wewe unifunge mimi? Hata huo mtungi wako ukinifunga, naapa kwa pembe zangu, nitaujaza mwenyewe!"

Kindi akaondoka. Kiapo alikuwa amekisikia vizuri.

Akaenda kichuguuni kwa mchwa. Siku saba, watoto wakilamba umande, mchwa wakacheza bao wenyewe kwa wenyewe, mara elfu na elfu. Kila mchwa alishika shimo moja tu. Shimo lake likileta faida, anagonga kwa nguvu, kwa hesabu ya shimo: la kwanza mara moja, la tatu mara tatu. Likileta hasara, ananyamaza.

Siku ya nane Kindi akawatia mtungini, akarudi.

"Mzee, mtungi umekuja kucheza."

Wanyama waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Kete zikaanguka, ta! ta! ta! Ndani, mchwa wakasikiliza. Ko! ko! ko! Kindi akacheza shimo la tatu.

Mchezo ulipopamba moto, mtungi ukagonga mara moja tu. Ko! Shimo la kwanza, la pembeni, lenye kete mbili!

"Hapo?" Ngiri akadakia. "Hata mtoto hachezi hapo!"

Kindi akaingiwa na hofu. Yeye angecheza la tano. Akawakumbuka watoto wake, akacheza la kwanza.

Nyati akala kete. Akala tena, akitikisa mkia. Zamu ya sita, zile kete za pembeni zikaamka, ta! ta! ta! ta!, zikazunguka mpaka safu ya mbele ya Nyati ikabaki tupu. Bingwa amefungwa!

"Humu kuna mjanja!" Nyati akaupindua mtungi. Mchwa wakamwagika, pwaa!

"Bingwa ni yupi?"

"Si mimi," akasema mmoja. "Nalijua shimo moja tu."

"Hata mimi," akasema mwingine. "Kwani bao ni nini?"

Nyati akakaa chini. Hasira zikamwisha, mawazo yakamwingia.

"Kama hakuna anayelijua bao, mimi nimefungwa na nani?"

"Sijui, Mzee," akajibu Kindi, na kweli hakujua. "Ninachojua, wao hawana kiu. Mwenye kiu ni mimi."

Nyati akauinua mtungi kwa pembe zake alizoziapia, akautumbukiza kisimani, chubwi!

Hadithi yangu imefika ukingoni, wanangu, na funzo ni hili: mwenye kuudharau mtungi, ataujaza mwenyewe.