Mguu Uliofunikwa Kanga

Kulikuwa na mama mmoja mshona nguo. Mnamwona? Amelazwa kwa mara ya tatu, kifua kimembana, pumzi haimtoshi hata kuzima kibatari.

Mara ya kwanza aliambiwa damu imeganda kwenye mapafu. Akapewa dawa, akapona, akaja kanisani kushuhudia, tukapiga vigelegele. Mara ya pili vilevile. Hii ya tatu vigelegele vimetuishia.

Daktari, binti mdogo tu, akavuta kiti.

"Mama, dawa ulikuwa unameza?"

"Kila siku, mwanangu."

"Basi kuna kinachoigandisha damu hii. Kwenu kuna aliyekufa ghafla, akihema hivi?"

Mama akageukia ukutani. Mama yake mzazi alikufa hivyohivyo, mguu umevimba kama mgomba. Dada yake naye, siku ya tisa baada ya kujifungua. Lakini ukoo ulishakata shauri kwamba ni uchawi. Mke wa baba mdogo akafukuzwa, na aliyelitupa godoro lake nje ni nani? Ni huyuhuyu mshonaji. Sasa ikiwa ni damu yao wenyewe, yule mwanamke alifukuzwa kwa kosa gani?

"Hakuna," akajibu.

Mmesikia? Mtu anatweta kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na bado anadanganya! Alikuwa anaogopa kufa, ndiyo. Lakini aibu aliiogopa zaidi.

Mara akaingia bintiye, mimba ya miezi saba, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Shikamoo, mama. Usinicheke, mguu mmoja umegoma kuingia. Tangu juzi umevimba."

Mama akautazama ule mguu. Akaushika mkono wa daktari, kucha zikazama.

"Wawili," akasema. "Mama yangu na dada yangu. Mwangalie huyu kwanza, mimi niache. Na yule mwanamke... hakumroga mtu."

Haya, nyie mnaofuta machozi, acheni, sijawaita kulia. Sisi tunakuja hapa kuombewa kifua, mguu tumeufunika kanga. Tunataka kupona, kuulizwa hatutaki. Tukipona tunashuhudia, tukiugua tena tunamtafuta jirani wa kumsingizia, na watoto wetu wanavimba tukiwaangalia. Nani hapa hana godoro alilolitupa nje? Nyoosha mkono nikuone.

Mikono yote iko mapajani. Nilijua.

Tutaomba, sijakataa. Lakini kwanza funueni miguu.